Mguu wa Karani

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Barua yako imenikuta kwenye cherehani, sare za shule zimenizunguka mpaka kiunoni. Nimeisoma mara ya kwanza kimoyomoyo, mara ya pili kwa sauti, na mara ya tatu nimeisomea mlangoni kwa sababu Mama Pacha alikuwa anapita. Sikumwita. Alisimama mwenyewe. Habari njema ina breki zake.

Unajua tangu wale pacha wake waingie benki hatupumui hapa mtaani. Mmoja kapewa kiti cha kuzunguka, na mwingine naye kapewa kiti cha kuzunguka. Basi nikamwambia, "Wangu amekabidhiwa mazizi ya machinjio makubwa, na juu ya hayo amekabidhiwa mbuzi mkuu." Akauliza, "Mbuzi mkuu ndiye nani?" Nikamjibu hayo ni mambo ya kitaalamu, mtu wa viti hawezi kuyaelewa. Akaondoka amenuna, nami nikashona kola tatu bila kuinua kichwa kwa raha.

Lakini baba, hapa tuko wawili. Huyo mbuzi mkuu ndiye nani? Umeandika, "Nimepewa kumtunza Karani, mbuzi anayewatangulia kondoo," halafu ukaruka ukaanza kuniuliza habari za mgongo wangu. Mgongo wangu ni mzima. Mbuzi anawatangulia kondoo wapi? Na kwa nini alipwe mkate kila asubuhi, wakati kuna watu wazima hapa wanaamka bila kazi wala mkate?

Jambo jingine. Mwandiko wako umelegea. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukiwa unajifunza kuandika, kabla hata ya mwalimu, na nilikuwa nimeishia darasa la saba tu. Najua herufi zako zikiwa na furaha zinavyosimama. Hizi zimeinama. Unaumwa? Mkubwa wako anakusumbua? Niambie, kwa maana mama haambiwi, hunusa.

Dada yako anakusalimu. Amejenga banda la kuku, na kuku hana.

Wako anayejivunia wewe mbele ya watu na nyuma ya watu,

Mama

---

14 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Siumwi. Mkubwa hanisumbui. Nitakueleza habari za Karani, ila naomba ukae chini kwanza, na mlango uwe umefungwa.

Kondoo hawakubali kuingia ukumbi wa kuchinjia. Wananusa. Ukiwasukuma wanarundikana, wanakanyagana, wengine wanavunjika. Ndiyo maana hapa kwetu kunafugwa mbuzi mmoja ambaye hachinjwi. Anakaa nao zizini, anakula nao, wanamzoea. Lango likifunguliwa anatangulia yeye, kichwa juu, nao wanamfuata kwenye ujia mrefu mwembamba bila wasiwasi wowote. Mwisho wa ujia kuna mlango mdogo ubavuni. Karani anapitia hapo, anatokea uani, anapewa mkate wenye chumvi. Kondoo wanaendelea mbele.

Tunamwita Karani kwa sababu ya ndevu zake, na kwa sababu anasimamia foleni ambayo jina lake halimo. Amefanya kazi hii tangu kabla sijaja.

Juma lililopita alifika karibu na ule mlango mdogo, akasimama. Akageuka akawatazama kondoo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mbao, uso kwa uso naye. Kisha akalala chini katikati ya ujia, kama mtu aliyemaliza maneno. Kondoo wote wakasimama nyuma yake. Ilibidi niwarudishe zizini na kumbeba yeye. Kesho yake vilevile. Mkate hakuutaka, akaugeuzia mgongo.

Mama, hapa kuna desturi mbili. Mbuzi wa kutangulia akiumia mguu kazini hachinjwi. Wanaume hawakubali, wanaona ni nuksi. Anapewa yule aliyemtunza, aende naye kwake. Lakini mbuzi akigoma, anaondolewa siku hiyohiyo, kabla kondoo hawajajifunza kwake. Na kuondolewa unajua maana yake.

Nimemwambia Meneja kwamba aliteleza, ameumia mguu wa mbele. Nimemfunga bendeji. Daktari wa mifugo hupita mara moja kwa mwezi, na huwa anaamini neno langu, hafungui. Akiandika "kiwete", Karani ni wangu. Dada ana lile banda.

Mguu hauna kitu, Mama. Nimeukagua ukwato mpaka goti. Mzima kabisa. Ninayejua ni mimi, na wewe sasa, na mwenzangu mmoja wa ukumbini tunayemwita Kisu Kimya, na yeye jina lake ndiyo tabia yake.

Nilimuuliza huyo Kisu Kimya, mbuzi anaweza kujua anachofanya? Akasema, "Mnyama hana dhambi, kwa hiyo hana wema. Usimvishe shati lako." Labda ni kweli. Lakini mimi nilimwona macho. Wewe umefuga wanyama tangu utotoni. Unaonaje? Mnyama anaweza kujua kwamba jambo hili ni baya, akaliacha, na hakuna aliyemkataza?

Mwanao

---

22 Machi

Mwanangu, moyo wangu,

Nilikaa chini kama ulivyosema, na nimekaa mpaka leo.

Sikujua kwamba ndiyo kazi yenyewe. Nilidhani mifugo inakaa, wewe unapita na kofia unaandika. Haya. Nyama tunayokula sote ina mlango wake, na mtu lazima asimame mlangoni, na kama lazima awepo mtu basi bora awe mtu aliyelelewa. Sina aibu nawe hata chembe.

Sasa swali lako. Umeuliza penyewe.

Nilipokuwa mdogo, mama yangu alikuwa na kuku kipofu. Alizaliwa akiona, akapata ugonjwa wa macho. Kuku wengine walimdonoa, wakamnyang'anya, ndiyo dunia. Lakini alikuwepo tetea mmoja mwekundu, hata undugu naye hakuwa nao. Ukimwaga mtama, yule mwekundu hali. Anasimama penye mtama anaita, ko, ko, ko, vile kuku anavyoita vifaranga, mpaka kipofu aje kwa kufuata sauti. Akifika, ndipo na yeye anakula, tena pembeni. Nani alimfundisha? Hakuwa na kifaranga. Hakuwa na faida. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tunamwaga mtama makusudi mbali, tumwone akiita. Hakuchoka.

Siku moja walikuja wageni, mama akamkamata mwekundu kwa sababu ndiye aliyekuwa amenona. Kipofu alizunguka uani jioni ile yote, kichwa ameinamisha upande, anasikiliza. Mimi nilikula, nisikudanganye. Nilikuwa na njaa.

Huyo Kisu Kimya mwambie mama yako amesema hivi: mtu ambaye hana dhambi ndiye mwenye wema wenyewe. Sisi wenye dhambi wema wetu una mahesabu.

Kwa hiyo ninachosema ni kwamba Karani anajua. Ametembea kule miaka, anasikia sauti nyuma yake, halafu anapewa mkate. Siku moja mkate ukamkaa kooni. Mbona kwa binadamu hutokea! Na amemwelewa nani? Amemwelewa mwanangu. Kati ya wanaume wote wa pale, amelala mbele ya macho ya mwanangu. Mimi naona hata mbuzi wanajua nani amelelewa.

Nimemwambia Mama Pacha tu, tena nusu, kwamba mbuzi wako ameumia mguu. Usiwe na hofu.

Mama yako

---

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ahsante kwa habari za yule kuku. Nimezisoma mara nyingi.

Tafadhali usizungumze zaidi juu ya Karani, hata habari za mguu. Daktari hakuja mwezi uliopita, anakuja mwisho wa huu. Tukifika huko salama basi.

Anakula kidogo. Ananifuata popote uani, nikisimama anasimama. Nimekuwa nikimwambia achechemee, kwa mzaha, lakini kuchechemea hajui.

Huenda unajiuliza kondoo wanakwendaje sasa. Nawatangulia mimi. Nabeba ndoo ya pumba, natembea mbele yao, wananifuata. Nikifika mwisho napitia mlango mdogo. Meneja amefurahi, anasema mimi sili mkate.

Usinifikirie vibaya.

Mwanao

---

9 Aprili

Kwako Mheshimiwa Meneja,

Salamu nyingi. Mimi ni mama mzazi wa kijana wako wa mazizi, yule mrefu mwenye sauti ya chini. Sijasoma sana ila kushona nashona, na hakuna mtoto wa mtaa huu aliyeingia shule bila mkono wangu mgongoni mwake. Naandika barua hii bila yeye kujua, maana ni mtu wa haya, angenikataza.

Mheshimiwa, kuna jirani yangu amenitukana. Alisikia kwamba mbuzi wa mwanangu ana mguu mbovu, akacheka mbele ya wateja wangu, akasema, "Kumbe mwanao si msimamizi, ni muuguzi wa mbuzi kiwete!" Niliyameza. Lakini usingizi ulikataa, nikawaza, kwa nini heshima ya mwanangu ifichwe ndani ya bendeji?

Mbuzi yule si kiwete. Mguu wake ni mzima. Mwanangu amemfunga kitambaa ili kumkinga, kwa kuogopa kwamba hutamwelewa. Mimi nikasema hapana, mtu aliyepewa kuongoza watu wengi hivyo, naye ana mama yake, akielezwa vizuri ataelewa.

Ukweli ni kwamba Karani amekataa kuwapeleka kondoo. Najua mna desturi kwa mbuzi anayegoma. Lakini huyu hakugoma, Mheshimiwa. Mgomaji anataka kitu. Huyu hakutaka kitu, hata mkate aliukataa. Alisimama, akawatazama wale wanaomwamini, akaona hawezi tena. Wangapi kati yetu tumewahi kufanya hivyo? Mimi sijawahi.

Kama hapo kwenu mbuzi mwenye mguu mbovu anaonewa huruma, mwenye moyo mzuri aonewe nini? Mguu ni mguu tu. Naomba umwache aende zake kwa heshima, mchana, bila kitambaa. Na kijana aliyekuwa na macho ya kuliona jambo hilo, naomba umfikirie, maana vijana wa namna hiyo hawaokotwi.

Ni mimi,

Mama wa kijana wako

---

19 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii ni yako peke yako. Ukimaliza usiiache mahali Mama anapofika.

Karani haji. Usiendelee na lile banda.

Mama alimwandikia Meneja. Alimweleza yote, mguu, bendeji, yote. Alidhani anatusaidia. Meneja alipoiona bahasha imeandikwa kwa mkono akadhani ni maombi ya kazi, akaifungua mbele yetu asubuhi tukiwa tumejipanga, akaanza kuisoma kwa sauti kwa utani. Watu walicheka, Dada. Walicheka hapo kwenye muuguzi wa mbuzi, walicheka hapo kwenye "yule mrefu mwenye sauti ya chini". Naye alikuwa anaiga sauti ya mama mtu mzima. Halafu akafika pale Mama aliposema, mgomaji anataka kitu, huyu hakutaka kitu. Kicheko kikakatika. Kisu Kimya akavua kofia, akaishika mkononi. Meneja akaendelea kusoma mpaka mwisho kwa sababu hakujua pa kuachia.

Nadhani kama wangeendelea kucheka, Karani angepona.

Meneja aliniita pembeni. Hakunikaripia. Alisema, "Mama yako anaandika kuliko mawakili wetu. Sasa nifanyeje? Wamesikia wote. Nikimwacha mbuzi huyu atoke hapa kwa heshima, keshokutwa mtu mzima atalala kwenye ujia." Nikamwambia ni mbuzi tu. Akasema, "Ungeniambia hivyo kabla mama yako hajaniambia vingine."

Akafungua bendeji mwenyewe, akabonyeza mguu. Karani akamtazama tu.

Walimfunga kamba wakamvuta. Akalala. Wakamwinua, akalala. Kisu Kimya akasema, "Mimi simgusi," akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na kitu. Meneja akaniambia, "Anayekufuata ni wewe. Mpeleke." Nikasema siwezi. Akasema, "Basi atamalizwa hapa uani, kwa kamba, kwa nguvu. Chagua wewe."

Nikamvua kamba. Nikatembea mbele. Sikumwita, Dada, na sikubeba ndoo. Niliomba abaki amelala. Nikasikia kwato nyuma yangu kwenye saruji, hatua zile zile za kila siku, wala hakuchechemea. Tulipofika kwenye mlango mdogo nikapita mimi. Unafungwa kwa komeo la upande wa uani. Niliufunga mimi.

Mbuzi akifungiwa mlango aliouzoea huugonga kwa pembe. Nilisimama pale nangoja augonge. Hakugonga.

Sasa nakuomba jambo moja. Mama asijue kabisa. Nitamwandikia kwamba aliugua akafa. Unamjua. Akijua kwamba ni barua yake, hatashika kalamu tena, na sidhani kama atashika hata sindano. Nawe ukiulizwa sema hivyohivyo.

Mdogo wako

---

20 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nina habari ya huzuni. Karani amefariki. Mguu ulimzidia, na uzee. Hakuteseka. Nilikuwa naye.

Barua yako kwa Meneja ilifika. Aliisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote. Alisema unaandika kuliko mawakili. Mwenzangu mmoja alivua kofia.

Nimempa Dada taarifa kuhusu banda.

Mwanao

---

27 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Mbele ya wafanyakazi wote! Nilijua. Niliiambia cherehani yangu, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wakati ule, nikasema, "Barua ile haitakwenda bure." Na kofia ikavuliwa! Nimekwenda mwenyewe kwa Mama Pacha, sikungoja apite. Nimemuuliza, "Huko benki, mama wa mtu ameshasomwa mbele ya watu?" Akaanza kupepeta mchele ambao alikwisha kuupepeta. Mteja wangu wa kaptura ameniomba nimwandikie barua ya kumwombea mwanawe nafasi ya shule. Nimekuwa mwandishi sasa, uzeeni!

Lakini pole, baba. Pole sana na Karani. Najua ulivyompenda. Angalau amepata kupumzika kabla ya kurudishwa kule, tena kwa heshima, bosi mwenyewe akijua sifa zake. Uzee hauna dawa, na mguu ukishamzidia mnyama

Nimeiacha barua hii hapo juu tangu asubuhi. Kalamu ilisimama kwenye neno mguu.

Mguu upi, mwanangu?

Uliniandikia kwa mkono wako kwamba mguu hauna kitu. Ukwato mpaka goti. Nimeitoa barua ile sandukuni nikaisoma tena, nikasoma na ile desturi ya pili, ya mbuzi anayegoma. Ile niliisoma siku ya kwanza na nikaielewa, halafu nikajiona najua kuliko desturi.

Nimemwendea dada yako. Nimemuuliza Karani kafa na nini. Akasema, "Mguu, Mama," akainamisha uso kwenye karai la vyombo, akaosha sahani moja mpaka nikamwonea huruma. Mtoto wangu yule hajui kusema uongo, na mimi ndiye niliyemlea hivyo, nikawa najisifu.

Wakubwa walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mwingine.

Kwa hiyo waliposikia barua yangu ndipo walipomchinja. Usinijibu hilo, najua. Nataka unijibu lingine moja, na usinifiche, kwa sababu nimezaa watoto wawili na nimezika mume, kubeba najua. Uliniandikia kwamba anakufuata wewe popote. Nani alimpeleka?

Mama

---

5 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nilimpeleka mimi. Wangemfanyia vibaya zaidi uani. Nilitangulia, akanifuata mwenyewe, bila kamba. Nilimfungia mlango.

Sikutaka ujue. Na sikulaumu, Mama, naapa. Maneno uliyoandika yalikuwa ya kweli, na mtu wa kwanza kuyaamini ni mimi. Kosa lake ni kwamba yalikuwa ya kweli mbele ya watu.

Bado natangulia kondoo. Wananunua mbuzi mwingine, mdogo, watanipa nimfundishe. Nimesema ndiyo. Sijui kwa nini nimesema ndiyo.

Nataka nikuulize kitu, halafu hatutazungumza tena habari hizi. Kama Karani alikuwa anajua, kama ulivyosema, basi alijua pia ninampeleka wapi, na akaja kwa sababu ni mimi niliyetangulia. Na kama alikuwa hajui, kama anavyosema Kisu Kimya, basi aliniamini tu, nami nikamdanganya kama yeye alivyokuwa anawadanganya wenzake. Nalala nalo hilo, naamka nalo. Ipi nafuu, Mama? Wewe huwa unajua.

Mwanao

---

11 Mei

Mwanangu,

Nimeisoma. Kila ulichowahi kuniuliza tangu ukiwa na meno mawili nilikujibu, na pale nisipojua nilitunga, na ukaridhika. Leo nimeketi na kalamu tangu wateja waondoke, na kila ninachotaka kukuandikia nakiona ni cha kujisifu au cha kujitetea.

Sijui, baba. Sijui ipi nafuu.

Mama Pacha amekuja kuuliza habari za mbuzi. Nimemwambia amekufa. Akangoja niendelee. Alipoona siendelei, akavuta kigoda akakaa, akanisaidia kupachika vifungo mpaka giza likaingia, hakuuliza tena. Mwanamke yule ana mikono mizuri, sikuwahi kumwambia.

Nimefunga cherehani. Sare zilizobaki nimempa yeye azimalizie. Nakuja kwa basi la Jumamosi. Usiombe ruhusa kwa ajili yangu, na usiandae kitu. Jumatatu utakwenda kazini kama kawaida, utawatangulia kondoo wako, sitakuambia uache wala usiache. Nitauliza njia ya kuzunguka mpaka uani. Ukitokea kwenye ule mlango mdogo utanikuta nimesimama.

Sitasema kitu.

Mama yako